Bwawa la Luanda, Vihiga: amonia imeshuka, nitraiti imepanda

Siku hizi napima maji ya bwawa langu la samaki alfajiri na tena alasiri, maana kipimo kimoja hakitoshi. Alfajiri pH, yaani kipimo cha asidi ya maji (ikipanda, asidi imepungua), iko 7. Jua likishawaka, mwani hunyonya kaboni dayoksaidi na pH hukaribia 9. Amonia, itokanayo na kinyesi cha samaki, mabaki ya chakula na samadi, haijaongezeka, ila sumu yake imeongezeka: kwenye nyuzi 25, pH ikiwa 7, sehemu yenye sumu haifiki asilimia 1, ikiwa 9, hupita theluthi. Ndiyo maana ngege walikuwa wakisusia mlo wa alasiri. Nimeuondoa kabisa, na samadi ya kuku pia nimeisimamisha.

Amonia sasa imeanza kushuka. Bakteria waitwao Nitrosomonas wako kazini, wanaigeuza kuwa nitraiti, ambayo nayo ni sumu kwa samaki. Lakini kundi la pili, akina Nitrospira wanaoigeuza nitraiti kuwa nitreti isiyo na sumu kali, huchelewa kuzaana, kwa hiyo matone ya kupimia nitraiti yamegeuka zambarau, dalili kwamba imezidi. Nilimvua ngege mmoja nikamfunua shavu, pale anapopumulia: badala ya wekundu, rangi ilikuwa ya kahawia, maana nitraiti ikiingia kwenye damu huizuia kubeba oksijeni. Nimetia chumvi ya kawaida, kwa sababu kloridi iliyomo huizuia nitraiti kupita mashavuni.

Mzee jirani aliniuliza, "Mwalimu, si ununue tu ile dawa ya bakteria ya chupa?" Nikamwambia, mzee wangu, bakteria hao wamejaa tele kwenye tope na mawe yetu. Wanachokosa ni hewa na chokaa. Gramu 1 ya nitrojeni ya amonia ikigeuzwa hadi nitreti hula takriban gramu 4.6 za oksijeni, na kazi hiyo huacha asidi majini. Kwa udongo wetu mwekundu, wenye asidi tayari, pH ikishuka sana bakteria hulegea. Natumia chokaa ya shambani. Ile ya moto, yaani chokaa kali iliyochomwa, hurusha pH ghafla, na amonia iliyobaki ikawa sumu papo hapo.

Maji yanayoingia nimeyapitisha juu ya mawe ili yaanguke kwa kishindo na kubeba hewa. Rangi bado ni kijani mno: nikizamisha mkono, kiganja kinapotea kabla maji hayajafika kiwiko. Chakula kitabaki mlo mmoja, saa nne asubuhi, mpaka zambarau ile itoweke.