Vidole Vinne

Mwaka 2009 nilikuwa mwanafunzi wa sekondari hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, nikiishi Kadutu kwa mama mdogo, muuza sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu. Sambaza huvuliwa usiku: mitumbwi mitatu inafungwa pamoja, taa zinawashwa, samaki wanaufuata mwanga. Mwezi ukiwa mpevu taa hazina kazi. Wavuvi wanalala, na mama mdogo anakosa mzigo. Ni usiku kama huo tu alipata nafasi ya kunisikiliza.

Kusoma hakujua. Mimi nilikuwa na hadithi nyuma ya kaye (daftari) yangu ya hesabu, ya mzee mmoja anayevuka ziwa peke yake kutoka kisiwa cha Idjwi. Usiku wa tatu nikafika pale anapoacha kupiga kasia kwa sababu amesikia mtu anapumua majini, kisha vidole vinne vinashika ukingo wa mtumbwi. Umeme ukakatika. Naapa sikupanga! Lakini nilipomsikia mama mdogo gizani akiuliza, "Ni ya nani?", nikafunga kaye. Hata mshumaa ulipowaka sikuifungua. "Itaendelea," nikasema, kama redio.

Kesho yake mitumbwi ikarudi ziwani, naye sokoni. Aliniuliza akianika samaki, akaniuliza nikiwa na mswaki mdomoni. Jirani alinisimamisha njiani, nina bidoni ya maji kichwani, kuulizia vidole! Nikavimba kichwa. Baadaye nilikuja kusoma kwamba Charles Dickens, kule Uingereza, naye alitoa riwaya zake nyingi kwa mafungu ya kila mwezi. Wake ulikuwa mwezi wa kalenda, wangu wa mbinguni.

Tatizo, hata mimi sikujua vidole ni vya nani.

Mwezi ukajaa. Wakaja wasikilizaji wanne. Nikasoma: mzee akashtuka kitandani, kumbe alikuwa anaota.

Jirani akacheka kwa adabu, akaaga. Mama mdogo hakucheka.

"We mutoto, nikipanga sambaza nzuri juu, ya kuoza chini, muteja atarudia kwangu?"

Nikajitetea kwamba hadithi si samaki.

"Mwezi muzima," akasema, "nilikuwa naibeba mu kichwa pamoja na beseni."

Ukurasa wa ndoto niliuchana usiku uleule. Nikarudi mwanzo, nikasoma neno kwa neno, na kwenye ukurasa wa pili nikakuta sentensi niliyoiandika ili kujaza nafasi tu: mzee alikuwa na mdogo wake aliyeondoka bila kuaga, tangu wagombanie shamba. Kumbe mwenye vidole alikuwa humo muda wote.

Jioni nikamsomea upya, yeye akichambua maharage. Nikafika pale mzee anapoitambua sauti, kasia liko juu, hajui ampige mdogo wake au amvute. Nikanyamaza.

"Ulishaandika ya mbele?"

"Ndiyo, mama."

"Ya kweli?"

"Ya kweli."

Akapepeta maharage yake. "Basi funga. Kesho batarudia mu maji. Utanisomea mwezi ukijaa."