Siku yangu moja na daftari la matumizi, toka naamka mpaka nalala

Kazi yangu ni kutunza stoo. Naandika kilichoingia, kilichotoka na kilichobaki, na mwisho wa siku namba za kwenye leja lazima zikubaliane na mzigo ulioko kwenye rafu. Nyumbani tumeanza kufanya hivyo hivyo kwa pesa, na hapa nakupitisha siku nzima ya kazi uone inavyoenda, maana ushauri mwingi wa bajeti unaanza na kupanga mwezi ujao, wakati mi naamini kabisa kupanga ni hatua ya pili. Ya kwanza ni kujua pesa ya leo imeenda wapi. Ukipanga kabla hujajua hilo unapanga matamanio, alafu tarehe kumi na tano mpango umeshavunjika na unajiona huna nidhamu, kumbe namba zenyewe hazikuwa za kweli toka mwanzo.

Saa kumi na mbili asubuhi

Kabla sijatoka nahesabu pesa yote ya kutumia niliyonayo: ya kwenye pochi, ya kwenye simu, na ya kwenye akaunti ile ya matumizi. Akiba siigusi na wala haimo kwenye hesabu hii. Naandika namba moja tu juu ya ukurasa, salio la kufungulia siku. Mume wangu anahesabu ya kwake anaandika pembeni ya yangu.

Ni dakika mbili, na ndo dakika ambazo wanaoanza wengi wanaziruka. Wanaandika matumizi tu, bila salio. Sasa bila salio utajuaje jioni kama umeandika kila kitu au umeandika nusu? Stoo isiyo na salio la kufungulia haihesabiki, na pochi ni hivyo hivyo.

Saa moja kasoro

Nauli. Nikishakaa tu naandika: kiasi, kitu, basi. Sisubiri jioni. Kumbukumbu ya mtu inashika vitu vikubwa, kodi, ada, kiatu kipya, lakini vile vidogo vya kila siku vinapotea kabla hata jua halijazama, na ni hivyo vidogo ndo umekaa chini kuvitafuta.

Natumia daftari dogo linaloingia mfukoni. Wengine wanatumia apu, wengine jedwali la kompyuta, na kila siku nakutana na mtu anayetafuta apu nzuri zaidi kabla hajaandika hata mstari mmoja. Jamani, watu walikuwa wanatunza hesabu za nyumba miaka mingi kabla ya hivi vyote. Japani mwaka 1904 mwandishi wa habari mwanamke, Hani Motoko, alichapisha daftari la hesabu za nyumbani, kakeibo wanaiita, na mpaka leo kuna watu wanaitumia kwa kalamu na karatasi. Programu ya majedwali ya kwanza kwa kompyuta ndogo, VisiCalc, ilikuja 1979. Chukua kile ambacho mkono wako utakifikia ukiwa umesimama kwenye foleni, hicho ndo kizuri kwako.

Saa nne

Mapumziko. Kinywaji, na mchango wa zawadi ya mwenzetu anayehama kituo. Mistari miwili. Naendelea na kazi.

Saa saba mchana

Chakula cha mchana nimelipa kwa simu, na hapa huwa nakuwa makini zaidi kuliko nikilipa taslimu. Pesa usiyoishika mkononi inatoka kirahisi. Watafiti wawili wa chuo cha MIT huko Marekani, Drazen Prelec na Duncan Simester, walilionyesha hili kwenye utafiti wao wa 2001, watu waliulizwa kila mmoja yuko tayari kununua tiketi za mechi kwa bei gani, walioambiwa watalipa kwa kadi walikuwa tayari kutoa hela nyingi zaidi kuliko walioambiwa watalipa taslimu, tiketi ni zile zile. Kwa hiyo nikilipa kwa simu naandika kabla sijairudisha mfukoni. Kuandika kunairudishia ile pesa uzito wake kidogo.

Binti mmoja tunayefanya naye kazi ananiona naandika, anauliza: "Dada, na mimi nimeambiwa nigawe hamsini thelathini ishirini, mbona kwangu haikubali?"

Ile kanuni ilienezwa sana na Mmarekani Elizabeth Warren na mwanae Amelia Warren Tyagi mwaka 2005, nusu ya kipato baada ya kodi iende kwenye vya lazima, asilimia 30 kwenye unavyopenda, asilimia 20 kwenye akiba na madeni. Ni kipimo kizuri cha kujiangalia. Lakini mtu mwenye mshahara mdogo akijilazimisha nayo ataumia bure, kwasababu vya lazima vina kima chake cha chini, huwezi kula nusu wala kulala nusu nyumba. Hilo wala sio jipya, mtakwimu wa Kijerumani Ernst Engel alishaliona 1857 kwenye hesabu za familia za wafanyakazi wa Ubelgiji, kwamba kadri familia ilivyo maskini ndivyo sehemu kubwa zaidi ya pesa yake inavyokwenda kwenye chakula.

Nikamwambia, mdogo wangu, we andika mwezi mmoja kwanza bila kubadilisha chochote, alafu tuone hesabu yako inasema ngapi kwa ngapi. Kama vya lazima vinakula asilimia 75, basi hapo ndo unapoanzia, na ukifika 72 umepiga hatua ya kweli, hata kama kanuni ya watu inasema hamsini. Na mwezi huo wa kwanza usijihukumu wala usianze kujibana ili daftari lionekane zuri, mana utakuwa unapima maisha ambayo sio yako.

Saa tisa alasiri

Meseji imeingia: bima inaisha mwezi ujao, inatakiwa kulipwa ya mwaka mzima. Hapa ningependa nikae kidogo, mana bajeti nyingi zinakufa kwa vitu hivi. Watu wanaviita dharura. Bima ya mwaka sio dharura, ada sio dharura, sare za shule sio dharura, leseni, matengenezo ya kawaida ya chombo cha usafiri, vyote vina tarehe na kiasi kinajulikana au kinakadirika. Dharura ni kile usichoweza kukiona kinakuja.

Tunachofanya ni hivi, tumeandika kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari kila kitu kinacholipwa mara moja au mbili kwa mwaka, tukajumlisha, tukagawa kwa 12. Kile kinachopatikana tunakitoa kila mwezi kama vile ni bili, kinakaa akaunti yake peke yake. Kama umeanza katikati na kitu kimebakiza miezi minne, gawa kwa 4, usigawe kwa 12, itauma mwaka wa kwanza tu. Meseji ya leo basi haijanipa presha, pesa yake karibu yote ipo.

Na nikiwa hapo hapo kwenye kugawa, angalia hili la wiki na mwezi. Mtu akijua anatumia kiasi fulani kwa wiki, anazidisha kwa 4 anasema ndo mwezi. Mwaka una wiki 52, ukizidisha kwa 4 kwa miezi 12 umehesabu wiki 48. Wiki nne nzima za chakula na nauli hazimo kwenye mpango! Zidisha kiasi cha wiki kwa 52 alafu gawa kwa 12, ni kama 4.33 hivi. Hiyo theluthi ya wiki inayozidi ndo inayofanya kila mwisho wa mwezi uwe mgumu na hujui kwanini.

Saa kumi na moja jioni

Napita dukani kuchukua mahitaji, nina orodha. Risiti nakaa nayo mpaka nyumbani, siandiki "dukani" alafu jumla chini yake. Neno dukani halikuambii kitu, kwenye risiti moja kuna chakula, kuna sabuni, kuna daftari za mtoto, kuna na kitu nilichokipenda tu nikiwa njiani kuelekea kulipa. Fungu la matumizi ni kazi ya ile pesa, sio mahali ulipoiacha.

Mafungu yetu ni machache: nyumba na bili, chakula, usafiri, watoto, afya, kusaidia ndugu, madeni, makato, na la kila mtu binafsi. Yakizidi kumi au kumi na mbili utachoka, utaanza kujiuliza dawa ya mswaki ni afya au ni usafi, na siku hiyo utaacha kuandika. Wanaotumia ile kakeibo leo wanagawa mafungu manne tu, ya lazima, ya kupenda, ya utamaduni na kujielimisha, na yasiyotarajiwa, na yanawatosha.

Hilo la makato nalipigania sana. Ada ya kutuma, ya kutoa, ya akaunti ya mwezi, liweke mstari wake peke yake. Ukiyachanganya na kiasi ulichotuma hutayaona kamwe, na ni fungu ambalo unaweza kulipunguza bila kuacha kitu chochote unachokihitaji, kwa kutuma mara moja badala ya mara tatu.

Saa moja usiku

Chakula, watoto, homuwaki. Daftari halifunguliwi.

Saa mbili na nusu usiku

Watoto wamelala, tunakaa wawili tunafunga siku. Hesabu ni moja: salio la asubuhi, jumlisha kilichoingia, toa kilichotoka, kinachobaki kifanane na pesa unayoihesabu sasa hivi. Tuseme asubuhi ulikuwa na 100, ikaingia 20, umeandika umetoa 45. Unatakiwa uwe na 75. Ukihesabu ukakuta 71, kuna 4 haijaandikwa.

Hiyo 4 hatuitafuti usiku kucha. Tunajaribu dakika moja, isipopatikana tunaiandika "haijulikani" na inaingia kwenye hesabu kama matumizi mengine, kesho tunaanza na 71. Stoo nako tunafanya hivyo, upungufu unaandikwa unasainiwa, haufichwi. Kizuri ni kwamba mstari wa haijulikani unaupima mwaka mzima, na ukiona unapungua wiki hadi wiki unajua uandishi wenu unakomaa.

Kuna vitu vinavyowachanganya sana wanaoanza. Kutoa pesa akaunti ukaiweka pochini sio matumizi, imehama tu, matumizi ni yale makato yake. Kukopa sio kipato hata kama pesa imeingia, iandike pembeni kama deni. Na ukilipa deni, kama taarifa yako inaonyesha riba ni kiasi gani, itenganishe, mana ile sehemu nyingine inapunguza unachodaiwa ila riba imeenda moja kwa moja.

Leo mume wangu ana mstari sijauelewa. Nauliza "hii ni ya fungu gani?" na sio "hii umenunulia nini?" Ananijibu "ya kwangu binafsi", naandika, tunaendelea. Tulikubaliana kila mmoja awe na kiasi chake kidogo kisichoulizwa, kinachofanana kwa wote wawili bila kujali nani anapata zaidi. Nyumba ambayo kila matumizi yanaulizwa, mmoja ataanza kuficha, na daftari lenye vitu vilivyofichwa halina faida kwa yeyote. Mi naliona hili kuwa kubwa kuliko mahesabu yote niliyoyaeleza hapo juu.

Saa tatu na robo

Kesho tunafunga mwezi, kwa hiyo usiku huu najumlisha mafungu mapema. Bajeti ya mwezi ujao itatoka humu humu: kwanza bili zisizobadilika, kisha lile fungu la mwaka gawa kwa 12, kisha akiba ya dharura hata kama ni kidogo (lengo linalotajwa sana ni matumizi ya lazima ya miezi mitatu mpaka sita, linajengwa polepole), alafu chakula na usafiri kwa namba zile zile tulizozirekodi. Tunachagua fungu moja tu la kupunguza, mwezi huu nadhani ni makato, mume wangu anasema iwe usafiri, tutaamua kesho tukiwa na jumla mezani.

Na kama kipato chenu hakitabiriki, leo kingi kesho kidogo, pangeni kwa kutumia mwezi wenu wa chini kabisa mliourekodi, kinachozidi kikija kigawanyeni kwa utaratibu mlioukubali mapema, deni kwanza au akiba kwanza, muuandike kabla pesa haijafika.