Asichonunua

Bado linanichoma. Jumatatu bosi kaangalia zile klasta zangu, yaani vikundi vya maduka ya wateja yanayonunua vitu vinavyofanana, akasema, "mbona wote wako mbali sawasawa? sasa vikundi viko wapi?" na mimi sikuwa na jibu, wiki tatu nimezikesha kwa kazi hiyo.

Nikavuka feri Likoni nayo kichwani. Usiku nikajaribu namba za kubahatisha tu, kati ya 0 na 1, safu 600 kama bidhaa zetu, nikapima umbali wa kawaida, ule wa Euclid (jumlisha miraba ya tofauti, kisha kipeuo cha pili). Wastani kama 10, na karibu zote kati ya 9 na 11! Yaani jirani na mgeni wamelingana. Richard Bellman, yule mwanahisabati, aliiita laana, laana ya vipimo kuwa vingi, na mimi naiamini.

Jumatano posa ya Mwanaisha ikaja, tumekubali, alhamdulillahi.

Lakini ninachokumbuka siku hiyo ni bibi jikoni anasukuma mahamri, nami namweleza: bibi, kila bidhaa naipa duka 1 likiinunua, 0 lisipoinunua; duka hili lanunua vitu 10, lile vitu 10 vingine kabisa, hawafanani hata kimoja, umbali 4.5. Maduka mawili makubwa yana vitu 100 vile vile, wametofautiana 40 tu, umbali 6.3. Ati hao wasiofanana ndio wako karibu!

Bibi hata hakuinua kichwa. "Kwani mtu hujulikana kwa asichonunua?"

Nikamwambia ni hesabu bibi. Akasema, "Hata hesabu. Mimi na yule Mzungu wa ghorofani sote hatuuzi samaki, ndio tushakuwa ndugu?"

Sote hatuuzi samaki. Nimelirudia hilo neno hadi kwenye matatu. Zile sifuri 580 za pamoja ndizo zilizokuwa zikiwafanya ndugu! Nikaenda kwa Jaccard, yule Mswisi wa mimea, kipimo chake cha 1901: chukua walivyo navyo wote wawili, gawanya kwa vyote alivyo navyo yeyote kati yao, visivyokuwepo kwa wote achana navyo; ukitoa jibu hilo kwenye 1 wapata utofauti. Wale wa kwanza utofauti 1, mwisho kabisa. Wale wakubwa 0.29. Nililia kidogo, kweli. Najua kinasahau kiasi, aliyechukua gunia 1 la sukari na wa 50 kwake ni sawa, hilo nitalishughulikia, lakini vikundi vimeonekana, na Jumatatu nampelekea.

Ila wageni wa posa warudi Jumapili na mfereji haujatoa maji tangu Alhamisi, mitungi imebaki miwili, sijui tutapikia nini.