Karafuu kumi na moja kwa mkono wa kulia

Kaka yangu alianguka mkarafuuni Mtambwe, Pemba, msimu wa 2021. Tawi lilimkatikia. Alilala siku 19 hajui mtu, na alipozinduka upande wa kulia ulikuwa umepooza. Sasa anatembea kwa mkongojo, na maneno yanamtoka mojamoja. Mkono ndio uliobaki nyuma.

Mwezi uliopita ami alileta ujumbe kwenye grupu la familia: kliniki moja nje ya nchi inatibu ubongo kwa seli shina, yaani seli changa zinazoweza kugeuka kuwa za aina nyingine, sindano tatu za mshipa, dola 14,000. Akaandika, "Tuuzeni mikarafuu ya marehemu babu. Mti haumshindi mtu." Nililia. Nami nilikuwa nataka kuamini.

Lakini mimi ni muuguzi, nikakesha nasoma. Jambo lenyewe si uzushi. Julai 2024 Japani iliidhinisha dawa ya seli iitwayo Akuugo kwa waliobaki na ulemavu wa viungo baada ya kuumia ubongo, tena kwa masharti na kwa muda. Seli hutolewa kwenye uboho wa mtu mwenye afya, hukuzwa maabara, kisha daktari hutoboa tundu dogo kwenye fuvu na kuzipandikiza kando ya jeraha. Hazigeuki kuwa ubongo mpya. Zinatoa vichocheo vinavyosaidia neva zilizosalia, halafu zenyewe zinapotea. Katika jaribio la wagonjwa 61, waliopewa seli walipanda kama pointi 8 kwa miezi 6, kwenye kipimo cha pointi 100 kinachopima viungo vinavyoweza kujongea. Waliotobolewa tu, bila seli, nao walipanda 2. Hizo 2 ndizo zilizonifungua macho: hata asiyepewa kitu hupata nafuu kidogo, kwa hiyo video ya mgonjwa anayeshukuru hainitoshi.

Na sindano ya mshipa? Seli nyingi hunasa kwenye mapafu kabla ya kufika kichwani. Niliwaandikia ile kliniki nikauliza seli ni za nani, na matokeo ya wagonjwa wao yamechapishwa wapi. Walinijibu kwa namba ya akaunti ya benki.

Nilimwendea ami mwenyewe, mambo kama haya si ya kuandikiana. Alinisikiliza mpaka mwisho, akakaa kimya sana. "Basi tufanye nini, mwanangu?"

Nikamwambia aje alasiri.

Kila siku baada ya Alasiri mama hutandika jamvi, akamwaga konzi ya karafuu mbichi. Mkono wa kushoto wa kaka tunaufunga kwa kanga, kama alivyotuelekeza mtaalamu wa mazoezi ya viungo, ili wa kulia usipate pa kujificha. Anabana konyo, kile kikonyo kinachoshika karafuu, kwa gumba na kidole cha shahada, linamponyoka, analitafuta tena. Jasho linamtoka puani. Ramadhani iliyopita alikuwa hawezi hata moja. Jana alichambua kumi na moja kabla ya adhana ya Magharibi.

Ami alikuwapo. Alikaa jamvini, akachambua zake polepole, asimtangulie.