Nyavu za Madirisha Manne

Ijumaa usiku, Kilifi. Binti yangu amelala chomboni leo, mara ya kwanza. Nimekaa kwenye ngazi ya mlango, taa nimeielekeza magotini nisimwamshe. Maji yanajaa. Ng'ambo, Mnarani, kuna mbwa anabweka tangu saa mbili.

Ana miaka saba. Tangu niliponunua boti hii kuukuu ya matanga, futi 24, kila wiki ameniuliza, "Baba, nitalala lini humu?" Na kila wiki nimempa sababu nyingine: mvua, shule, mama yako hataki. Sababu yenyewe ilikuwa mbu. Masika ya mwaka jana malaria ilimlaza hospitalini siku tatu, na tangu hapo nikisikia mbu akilia karibu na sikio lake, usingizi wangu umekwisha.

Watu wa bara hudhani baharini hakuna mbu. Waje walale hapa penye mikoko. Bamvua, yale maji makuu ya bahari, likipanda linaacha vidimbwi vya maji ya chumvichumvi nyuma ya miti, na kuna Anofelesi wa pwani yetu, mbu wa malaria, aina ya merus, ambaye mabuu yake huishi humo vizuri tu. Halafu kuna usubi. Huyo humwoni mpaka ameshakuuma. Ni milimita moja au mbili, na saa za magharibi na alfajiri ndizo zake.

Ila jambo lililonisumbua zaidi ni upepo. Kusi ikivuma sawasawa, mbu hawezi kuruka mpaka kwenye boti, na unaweza kulala madirisha wazi bila wavu wowote. Upepo ukilala, saa nne au saa tano usiku, ndipo joto linakaba humu ndani, ndipo unataka kila dirisha liwe wazi, na ndipo mbu wanakuja. Yaani unauhitaji wavu saa ileile ambayo hewa ni haba, na wavu wenyewe unaipunguza hiyo hewa kidogo iliyopo. Kila nilichokata na kushona wiki hizi tatu kilikuwa ni kutafuta njia katikati ya hayo mawili.

Kwa nini nisitundike chandarua? Nilijaribu. Dari iko chini, kitanda cha omo, mbele ya boti, kina umbo la pembetatu, na mtoto akijigeuza mkono unagusa neti. Mbu anatua nje, anamnyonya kupitia matundu.

Na chandarua cha nyumbani sikukikata. Mimi ni mzaliwa wa Kilifi. Hapa hapa, katikati ya miaka ya 1990, ndipo vyandarua vyenye dawa vilipopimwa kijiji kwa kijiji, na matokeo yaliyochapishwa 1996 yalionyesha vifo vya watoto wadogo vimepungua kwa karibu theluthi moja. Watoto wa rika la wadogo zangu ndio waliohesabiwa humo. Kwa hiyo nikiona mtu ameshona neti mpya ya kliniki kuwa juya, anakokota ufukweni na vifaranga vya samaki ambavyo havijafika hata kidole, naumia mara mbili. Nilikwenda dukani nikanunua wavu wa madirisha, mita moja na nusu.

Muuza duka alinipa kwanza wa alumini. Nikaurudisha. Chumvi huila alumini mpaka ikawa unga mweupe, na waya wa shaba nao hutoa kijani na kuchafua ubavu wa chombo. Nilichukua wa faibaglasi uliopakwa plastiki, mweusi. Rangi nilisisitiza: wavu mweupe ukiupiga taa unang'aa na huoni nje, mweusi unapotea machoni.

Madirisha yangu ni manne, ya mviringo, kipenyo sentimita 20, na kioo hufungukia ndani. Safari ya kwanza nilibandika velkro kwenye fremu, upande wa ndani. Ilikaa siku mbili. Joto la mchana liliyeyusha gundi, asubuhi nikakuta wavu mmoja umelala kitandani. Na hata ungeshika, mvua ikija ungelazimika kuubandua ndipo ufunge kioo, gizani, mtoto akilia kwamba analowa.

Dawa yake niliipata kwenye kipande cha mpira wa maji, ule mwembamba unaopitisha mwanga. Fremu ya dirisha ina kina cha kama sentimita tatu kutoka kwenye kioo kwenda nje. Kitanzi cha mpira kikikaa humo ndani, nyuma ya kioo, kioo kinafunga juu yake bila kukigusa. Mzingo wa dirisha la sentimita 20 ni karibu 63. Nilikata mpira sentimita 64, nikaunganisha ncha mbili kwa kijiti cha mkoko nilichokichonga kikaingia kwa nguvu. Hiyo sentimita moja ya ziada ndiyo inayokifanya kitanzi kijisukume na kushika fremu pande zote. Nilipojaribu 66, kikajikunja kikafanya umbo la maharagwe. Nilipokata 63 kamili, kikaanguka bahari ilipoyumba kidogo tu.

Kushona nilimpelekea fundi wa cherehani wa karibu na soko, mama mtu mzima.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hivi ni vifuniko vya sufuria?"

Nikamweleza. Alikishika kimoja, akakizungusha, akasema cherehani itauvuta wavu upande mmoja na kitanzi kitapinda. Hivi vishonwe kwa mkono, uzi wa nailoni, mshono mmoja huku na mwingine upande wa pili, kama unavyofunga ngoma. Kisha akauliza habari ya usubi kabla sijamtajia. Amekulia kando ya mikoko, anawajua. Wavu wa dirisha wanapita, akasema, na akanipa mabaki ya pazia jepesi la sebuleni, lile linaloonyesha mwanga. Hakutaka pesa ya pazia.

Kwa hiyo nina seti mbili. Za pazia nazitia saa kumi na mbili jioni, usubi wakiwa wengi, na tunakaa nje sitahani maana ndani kunakuwa na joto. Giza likishaingia vizuri nazitoa, natia zile nyeusi zinazopitisha hewa zaidi. Alfajiri, kabla hakujapambazuka, nazirudisha za pazia. Ni kazi ya dakika tano, na naifanya kwa moyo.

Mlango wa ngazi ulibaki. Huo nimeutundikia wavu mrefu, na kwenye pindo la chini nimeshonea chubwi za kuvulia, kumi na mbili, ili unyooke na usipeperuke.

Jana usiku, kabla ya kumleta mtoto, niliwasha taa ndani nikatoka na mtumbwi, nikazunguka chombo taratibu. Wavu uliokaa vizuri unatoa mwanga hafifu ulio sawa. Penye mwanya unaona mstari mkali, kama uzi wa dhahabu. Madirisha matatu yalikuwa sawa. La nne, la kushoto karibu na kichwa cha kitanda chake, lilikuwa na mstari wa urefu wa ukucha. Nilirudi ndani nikakishona upya kile kitanzi mpaka saa sita.

Leo upepo ulikufa saa nne kasoro. Nilihesabu mbu kwa tochi kwenye wavu wa dirisha lile la nne, upande wa nje: saba. Ndani nimemwona mmoja, aliingia na sisi mlangoni, nikamuua.

Binti yangu alikataa kulala mpaka aone maji yanavyowaka. Usiku wa giza maji ya hapa hung'aa yakiguswa, na samaki akikatiza huacha mkia wa mwanga. Alilaza shavu karibu kabisa na dirisha, pua inakaribia kugusa wavu.

"Baba, hapa kuna wavu au umesahau?"

Nikamshika kidole, nikakipitisha juu yake polepole mpaka akausikia.

Kumi na moja alfajiri nitaamka kubadilisha.