Mgogo wa bati

Leo Jumapili, saa nne usiku, na bado nalisikia. Mgogo wa bati. Bibi wa Chang'ombe alilisema Jumanne, mkononi ana kikombe cha chai ya tangawizi, wala hakulisema kwa ubaya. Sebule nzima ya Mama Eliya ikacheka. Na mimi nikacheka, tena kupita wote, na mnaonijua mnajua nikicheka hivyo limeingia.

Jumanne ndiyo siku ya jumuiya, na mwezi huu zamu ya kufundisha ni yangu. Tulikuwa Marko sura ya pili, yule mwenye kupooza aliyebebwa na watu wanne wakakuta mlango umejaa watu. Nilijiandaa, jamani. Niliazima kwa mchungaji kitabu cha maelezo, kizito kama tofali, na ndani yake mna picha ya rangi: nyumba nyeupe, vigae vyekundu, wanaume wanne wenye ndevu safi wanatoa kigae kimojakimoja kama mafundi waliolipwa kwa siku. Nikaridhika. Habari za mapaa nani anifundishe, miaka tisa nauza mabati pale Majengo, hapa Dodoma? Nikawaeleza jinsi kigae kinavyolalia kigae, unatoa safu mbili, unashusha mtu wako, unarudisha, mwenye nyumba hapati hasara. Nikaongeza kwamba hata sisi dukani tuna mabati yenye sura ya vigae, kwa mbali huwezi kujua. Hapo mume wangu, Baba Tumaini, akanifinya. Biashara katikati ya Neno.

Bibi alikuwa kimya muda wote. Macho yake siku hizi hayaoni maandishi, anasomewa na mjukuu wake wa darasa la sita.

"Wewe, rudia hapo juu ya paa," akamwambia mtoto.

Mtoto akarudia: waliitoboa dari.

"Walitoboa," bibi akasema, sasa akinitazama mimi. "Kigae hakitobolewi, mwanangu. Kigae kinaondolewa."

"Ni kweli bibi, ila Luka naye anaisimulia habari hiyohiyo, na yeye anasema walimpitisha kwenye matofali ya juu."

"Huyo Luka kwao wapi?"

Sasa hapo. Hapo ndipo ninaporudi kila nikiweka kichwa kwenye mto. Ningeweza kusema ni yule tabibu wa Wakolosai sura ya nne. Ningeweza kusema sijui, nitauliza. Badala yake nikasema, "Bibi, hilo si la muhimu sana, la muhimu ni imani ya wale wanne." Mwalimu akishasema hilo si la muhimu, ujue hajui. Na bibi aliona kwamba sijui.

"Umewahi kulala kwenye tembe, wewe?" Tembe, ile nyumba yetu ya asili Wagogo, yenye paa la udongo.

"Hapana, bibi."

"Hata siku moja?"

"Nimezaliwa mjini, bibi. Area C."

"Ee." Akanywa chai. "Mgogo wa bati."

Jumatano tulimzika baba mdogo Mpwapwa, Ijumaa mwenye fremu ya duka kapandisha kodi, na katikati ya hayo yote mimi nilikuwa najibizana na bibi kichwani. Kwenye gari la kurudi msibani, shangazi kanilalia begani, nilitunga majibu matatu. Zuri kuliko yote lilikuwa hili: "Bibi, hata wewe unalala chini ya bati, tena geji 30, tena la kwangu, tena la mkopo." Nikaona aibu. Tumetoka kuzika, na mimi nawaza la kumjibu bibi wa miaka themanini na kitu.

Kinachouma ni kwamba hakukosea. Nasalimia "mbukwenyi" vizuri kabisa, na baada ya hapo Kigogo changu kinaishia barabarani. Mlenda nakula. Msimu wa zabibu nakuwa mwenyeji kuliko wote mbele ya wageni wa Dar. Lakini nyumba waliyozaliwa babu na bibi zangu nimeiona kwenye picha na kwenye jumba la makumbusho, halafu ada yangu ya shule ilitoka kwenye duka la baba, na duka la baba lilikuwa la mabati.

Alhamisi usiku nikashindwa kulala, nikachukua simu nitafute tu. Saa nane nilikuwa bado natafuta. Kumbe neno la Kigiriki alilotumia Marko ni la kuchimbua. Si kufunua, si kuondoa. Paulo analitumia kitenzi hichohicho kwa Wagalatia anaposema wangekuwa tayari kuyang'oa macho yao wampe. Yaani wale wanne walifukua. Na nyumba za Kapernaumu zilizochimbuliwa na wataalamu zina kuta za mawe meusi ya volkano, na juu inaaminika zilikuwa na miti, matawi, kisha udongo. Kijiji cha wavuvi. Vigae vilikuwa mambo ya mijini, kwa Wagiriki na Warumi, na Luka alimwandikia Theofilo na watu wa namna yake, ambao ukiwaambia paa wanaona vigae. Kwa hiyo wasomi wengi wanaona Luka alilibadilisha paa ili msomaji wake apate picha.

Nikaanza kucheka peke yangu gizani.

"Nini tena?" Baba Tumaini akauliza.

"Luka naye ni wa bati."

Akageukia ukutani. Yeye hana usingizi wa kuchezea, anaingia kazini Mtumba saa moja na nusu.

Lakini mimi nilishapona kidogo, nikaanza kuona mapaa kila mahali. Hilo neno "dari" lenyewe. Kwetu hapa dari ni jipsamu, ni zile mbao za chini ya bati zinazoingia popo. Kwa watu wa pwani, na Kiswahili cha Biblia ya Union Version ya mwaka 1952 kinanukia pwani, dari ni boriti na mawe na chokaa, sakafu ya ghorofa au paa bapa unaloweza kusimama juu yake. Petro alipanda darini kuomba huko Yafa, na mimi utotoni nilimpa pole kwa kuinama kwenye joto lile la chini ya bati. Nilikuwa namwona na popo kabisa. Kumbukumbu la Torati 22 inaamuru ujengapo nyumba uzungushie dari ukuta kidogo, mtu asianguke, na siku zote nilishangaa mtu anatafuta nini juu ya paa hata aanguke.

Jumamosi nikanunua kilo mbili za sukari nikaenda Chang'ombe.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Umekuja kudai?"

"Hapana bibi. Nimekuja kuuliza habari za tembe."

Akanitazama kama mtu aliyeletewa sukari chungu. Kisha akasogeza kigoda.

Mliokuwa mnaniuliza kwa nini nampenda bibi huyu na ulimi wake ule, mngekuwepo. Alichukua vijiti vya mjukuu wake akanijengea tembe palepale vumbini. Nguzo zenye panda. Juu ya panda miti minene, juu ya miti fito, juu ya fito majani, na juu ya majani udongo, mwingi, unashindiliwa kwa miguu hadi ukaze. Paa la chini kiasi kwamba mtu mzima anainama mlangoni na mbuzi anaruka juu bila shida. Na ndiyo mbuzi alivyofanya. Bibi alikuwa binti wa miaka tisa au kumi, mama yake anasonga ugali wa uwele, na juu kuna boga na mtama vimeanikwa. Mbuzi kapanda kula mtama. Sehemu ile ilishaliwa na mchwa.

"Tukasikia krrr," bibi akasema. "Udongo kwanza. Udongo kwenye ugali, udongo kwenye macho, moshi, giza. Halafu miguu miwili ya mbuzi inaning'inia. Anapiga kelele yeye, anapiga kelele mama."

Alicheka hadi akakohoa. Kisha akaacha, akasema jambo ambalo sijaliona kwenye kitabu chochote cha mchungaji.

"Wewe hukuuliza. Nani alilijenga tena?"

Kwa sababu ilichukua siku nne, anasema. Baba yake kukata fito, wao kubeba majani, na maji ya kukandia udongo yalitoka mbali, kichwani, kiangazi. Na mawingu yalishaanza kukusanyika kama haya ya sasa. Tembe yenye tundu mvua zikiingia haivuji tu, inalowa hadi kwenye nguzo, na shehena yote ya mtama inaoza. "Hao wanne walimpenda ndugu yao, sikatai. Lakini walikuwa na deni la siku nne kwa mwenye nyumba."

Nikamwambia haijaandikwa nyumba ni ya nani. Ni Kapernaumu tu, na inasemwa Yesu yumo nyumbani. Ila sura ya nyuma yake alifikia nyumbani kwa Simoni, mkwewe ana homa, akamponya, mama akainuka akawahudumia.

Bibi akapiga paja. "Basi ni yeye! Juzi katoka kwenye homa, leo anafagia udongo. Wanaume wanamtukuza Mungu, yeye anatafuta ufagio!"

Sina uthibitisho. Mchungaji atasema tunaongeza maneno. Lakini tangu jana siwezi kuisoma habari ile bila kusikia vumbi likidondoka, na Yesu ana udongo kwenye nywele, na waandishi wale wenye maswali nao kanzu zimechafuka, na mama mmoja nyuma kabisa anatazama juu na kuhesabu fito.

Nilipoinuka kuaga nikajikaza. "Bibi, Jumanne uliniita Mgogo wa bati."

"Mimi? Nilisema hivyo?" Alifikiri. "Si kweli, au?"

Siku tano najichoma mwenyewe na mkuki ambao mwenyewe alishausahau.

Nikamuuliza pia ndama walilala wapi. Ndani, akasema, ndama na mbuzi wadogo, chumba cha pembeni, ukiamka usiku unasikia wanapumua. Nikakumbuka igizo letu la Krismasi, na mnajua mwaka huu ninaandaa mimi. Kila mwaka tunajenga banda la nyasi nje, na Yusufu anafukuzwa kwenye "nyumba ya wageni", na watoto wakisikia nyumba ya wageni wanaona gesti, mwaka juzi kijana wa Mama Eliya aliandika kabisa kibao GESTI IMEJAA. Sasa nimetazama: neno analotumia Luka pale ni lilelile analotumia kwa chumba cha wageni cha ile karamu ya mwisho. Nyumba ya wageni ya Msamaria mwema ni neno lingine kabisa. Inawezekana hakukuwa na gesti yoyote. Inawezekana ni nyumba ya ndugu, chumba cha wageni kimejaa, wakajibana ndani na wanyama, na hori lipo palepale. Bibi asingehitaji maelezo. Nataka tuigize ndani, bila banda. Mwenyekiti wa kamati atanuna, banda ni lake, mbao alitoa yeye.

Tuliacha tembe yetu mwaka 1971, bibi alinisindikiza akisema, wakati wa Operesheni Dodoma, tukahamishiwa kijijini, na sikuirudia kuiangalia. Alisema hivyo akifunga geti. Sikujua nijibu nini, nikamwambia deni la bati asilifikirie mwezi huu.

Nilitaka kuandika zaidi kuhusu hilo, ila kuna ujumbe umeingia saa kumi na mbili jioni nikiwa kanisani, kutoka simu ya matroni wa shule ya Tumaini: "Mama Tumaini naomba nipigie." Basi. Mtihani wa kidato cha pili unaendelea kesho, na Tumaini si mtoto wa kuumwa. Nimepiga mara tatu. Inaita tu.