Mazoezi yangu si ya alfajiri

Kila anayesikia kwamba nina baridi yabisi ana ushauri mmoja: amka alfajiri, ukimbie. Wanasema kwa nia njema, nami hushukuru. Lakini alfajiri mimi siwezi hata kufungua kizibo cha chupa ya chai. Vidole vimekakamaa, nyayo zinauma zikigusa sakafu, na hali hiyo huchukua saa nzima, siku nyingine zaidi, kabla haijaanza kulegea. Ndivyo ugonjwa wenyewe ulivyo. Kinga ya mwili, badala ya kupambana na vijidudu, imeugeukia utando wa ndani wa viungo. Utando unavimba, na viungo vilivyolala usiku kucha bila kujongea ndivyo vinavyogoma zaidi kunapokucha.

Kwa hiyo asubuhi nafanya kidogo tu. Nikiwa bado kitandani nakunja na kunyoosha vifundo vya miguu, kisha magoti, moja baada ya jingine. Halafu beseni la maji ya uvuguvugu: natumbukiza mikono, nafunga ngumi, nafungua, nagusisha kidole gumba na kila kidole mpaka cha mwisho. Baada ya hapo ndipo naanza siku. Mazoezi yenyewe ni ya jioni, nikishafunga kibanda.

Mimi ni fundi cherehani, hapa Ngamiani, Tanga. Wateja huniambia, "Dada, wewe unakanyaga cherehani kutwa, mazoezi ya nini tena?" Kukanyaga cherehani ni kurudia mwendo mmoja mdogo, mgongo umepinda, mapaja hayafanyi kazi yoyote. Nilipoanza tiba, mapaja yangu yalikuwa yamenywea mpaka kuinuka kwenye mkeka ilibidi nishike ukuta. Ugonjwa huu hula misuli, na misuli ikiisha goti linabaki bila wa kulisaidia.

Mtaalamu wa fiziotherapia aliyenifundisha ni kijana mdogo, ningeweza kumzaa, lakini ana subira. Nilimwuliza lile ambalo kila mgonjwa analiogopa: nikikitumia kiungo kilichougua, si ndiyo nakimaliza? Akanieleza kwamba zamani hata madaktari walifikiri hivyo, wagonjwa wakiambiwa walale wapumzike. Kisha akanisimulia utafiti wa Uholanzi uliotoka mwaka 2003. Wagonjwa 309 waligawanywa makundi mawili, na kundi moja likafanya mazoezi mazito mara mbili kwa wiki kwa miaka miwili. Wale waliofanya mazoezi walizimudu shughuli zao vizuri zaidi, na kwa wengi wao picha za eksirei hazikuonyesha kwamba viungo vikubwa vimeharibika kuliko vya wenzao. Tahadhari ilikuwa kwa wale ambao viungo hivyo vilikuwa vimeshalika sana tangu mwanzo. Hao wapewe mazoezi mepesi zaidi. Baadaye, mwaka 2015, Waingereza nao walitoa matokeo ya utafiti wa wagonjwa 490. Karibu nusu yao walipewa mazoezi ya mikono, ya kunyoosha na ya kutia nguvu, na mikono yao ikafanya kazi vizuri kuliko ya wale waliopata huduma ya kawaida. Mimi mtu wa sindano na mkasi, hilo la pili ndilo lililonishika.

Vifaa vyangu havina gharama. Fundi baiskeli wa jirani hunipa tyubu iliyokwisha, naikata ninapata mkanda mrefu. Naufunga kwenye mguu wa meza, naingiza kifundo cha mguu, navuta polepole nikihesabu, narudisha polepole zaidi. Kule kurudisha ndiko kunakotoa jasho. Kwa vidole natumia donge la unga wa ngano, nalibana na kulitandaza kwa ncha za vidole. Na kuna zoezi la kiti: unakaa, unasimama bila kushika kitu, unakaa tena. Usilidharau mpaka ulijaribu mara kumi.

Halafu kuna bahari. Hiyo ndiyo ninayoipenda, na ratiba yake si yangu, ni ya maji. Yakiwa yamekupwa, kwenye ufuko wa Raskazone unatembea juu ya mawe na matope, hakuna faida. Nasubiri siku ambazo yanajaa jioni, navaa raba kuukuu kwa ajili ya miiba, naingia mpaka kifuani, natembea kwenda na kurudi sambamba na ufuko. Hapo maji yamebeba zaidi ya nusu ya uzito wako, magoti hayalalamiki, lakini ukitaka kwenda haraka maji yanakuzuia, kwa hiyo msuli unafanya kazi. Shangazi yangu hakufurahi hata kidogo.

"Baridi yabisi na kuingia majini wapi na wapi, mwanangu?"

"Shangazi, bahari ya Tanga ina baridi gani?"

"Haya. Ukizidiwa usinitafute."

Siku hizi ananishikia khanga ufukweni.

Kipimo ninachotumia ni hiki: maumivu kidogo wakati wa zoezi nayavumilia, lakini yakiendelea kupita saa mbili baada ya kumaliza, au kesho yake kiungo kikiamka kimevimba kuliko jana, nimezidisha, napunguza. Na siku ambazo ugonjwa umepamba, kiungo kina moto ukikigusa, sivuti mkanda wala siendi baharini. Nalala chali, nakaza misuli ya paja bila kukunja goti, nahesabu mpaka tano, naachia. Vidole navizungusha taratibu vipate kukumbuka njia. Kulala kabisa bila kujongea hapana.

Dawa sijaacha. Nameza methotreksati, dawa ya kuituliza kinga ya mwili, mara moja kwa wiki, siku ileile, na asidi ya foliki kama nilivyoelekezwa, na damu napima. Nayasema haya kwa sababu kuna wanaouza "programu ya mazoezi" mitandaoni wakiahidi utupe vidonge. Hakuna zoezi linaloituliza kinga ya mwili iliyoasi kiasi cha kuokoa mfupa. Mazoezi yananipa nguvu za kuishi na viungo nilivyobaki navyo, na yanaulinda moyo, maana baridi yabisi huongeza hatari ya maradhi ya moyo, jambo ambalo sikuambiwa na mtu yeyote mtaani.

La mwisho ni kwa wenzangu tunaobeba ndoo kichwani. Ugonjwa huu unaweza kulegeza kano za shingo, kule juu kabisa karibu na fuvu. Ukiwa na maumivu ya kisogoni, au mikono inakufa ganzi ukiinamisha kichwa, usizungushe shingo kwa nguvu na usikubali mtu akuvunjevunje kwa kukukanda. Nenda kwanza hospitali ukapigwe picha. Ndoo mpe mwingine, au weka madumu kwenye baiskeli uisukume.